Kata haikuwa ya shangazi: uchambuzi wa kisa cha familia moja na makumbusho

Siku ya kuanua matanga ya babu, huko Uru juu ya mji wa Moshi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshaiva na wazee wameshaketi. Mzee aliyepaswa kuwamiminia waliotangulia akanyoosha mkono bila kugeuka, kama alivyozoea miaka yote, akisubiri kupewa kata ya kibuyu. Hakupewa kitu. Baba mdogo aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mwishowe shangazi, aliyekuwa ameketi na wanawake upande wa migombani, akasema kwa sauti ya chini: "Ile kata niliipeleka makumbusho."

Mimi ni mjukuu wa marehemu na nafanya kazi masijala hapa Arusha. Kwa kuwa mafaili na kumbukumbu ndiyo shughuli yangu ya kila siku, ukoo ulinituma nifuatilie. Kikao cha ukoo kimeniruhusu kuandika kisa hiki kwa sharti kwamba nisitaje majina ya watu wala jumba lililohusika. Nimelikubali, maana ninalotaka lieleweke halihitaji jina la mtu. Anayetaka kuipa makumbusho kitu cha nyumbani kwao huanza kwa kuuliza kama watakipokea. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: je, nina haki ya kukitoa?

Kata yenyewe

Kata ya mbege ni kibuyu chenye shingo ndefu kilichopasuliwa, shingo ikawa ndiyo mpini. Nyumba nyingi za Uchaggani zinazo kadhaa, na mgeni hunywea yoyote atakayopewa. Hii yetu ilikuwa tofauti. Ilitoka ukutani siku ya tambiko, au siku ndugu waliogombana wanapatanishwa, jani la sale likiwa mkononi mwa anayeomba msamaha. Ndani ilikuwa na rangi ya asali. Ukingoni ilikuwa imeiva weusi kwa midomo ya watu ambao wengi wao hatukuwaona. Upande wa kushoto ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, ambao bibi aliushona kwa uzi wa katani. Mishono saba. Nilikuwa naihesabu nikiwa mtoto.

Babu aliipokea kutoka kwa babu yake. Hakuwahi kusema "kata yangu". Alisema "kata inayokaa kwangu", na sasa naona kwamba katika maneno hayo alikuwa ametaja hali yake kisheria kwa usahihi kuliko karatasi yoyote: yeye alikuwa mtunzaji, wenye mali ni ukoo.

Shangazi aliichukua yapata miaka kumi na miwili iliyopita. Naomba asomaye asikimbilie kumlaumu. Babu alikuwa ameanza kuugua. Watoto wa jirani walikuwa wamevunja kibuyu kingine wakichezea maji. Halafu alikuja mtu wa kununua vitu vya kale vijiji kwa vijiji, wale wanaopeleka kwenye maduka ya sanaa mjini, akaweka noti mezani mbele ya baba mdogo na kusema atarudi. Shangazi aliogopa. Aliifunga kata ndani ya kanga mbili, akapanda nayo basi hadi mji alikoolewa, mbali na mkoa wetu, akaingia kwenye jumba moja la makumbusho. Mapokezini alimkuta kijana mwenye adabu. Alimwambia mhusika yuko safari, akaipokea kata kwa mikono miwili, akamwomba aandike jina na namba ya simu kwenye daftari la wageni.

Basi. Hakuna fomu, hakuna stakabadhi, hakuna aliyemuuliza kata hiyo ni ya nani na hutumika kwa nini. Shangazi aliondoka akiamini ameiokoa.

Nilikwenda naye kuiulizia. Kijana yule alishaacha kazi. Daftari la wageni la mwaka ule halikupatikana. Wahudumu wa sasa walitupokea vizuri na kutuingiza stoo, na rafu ya juu kulikuwa na kata kadhaa zisizo na namba. Walituwekea nne mezani, moja baada ya nyingine. Shangazi alipitisha kidole ukingoni mwa kila moja. Hakuna iliyokuwa na mishono.

Makosa mawili

Kuna kosa la jumba na kosa la familia, na uzito wake haulingani.

Kosa la jumba ndilo zito, kwa sababu wao ndio wenye taaluma. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, zinasema wazi kwamba jumba lisipokee kitu, kiwe kimenunuliwa, kimetolewa zawadi au kimeazimwa, mpaka liridhike kwamba anayekitoa ana haki nacho. Na kitu kikishapokewa, hata kama ni kwa kuangaliwa tu, kinastahili stakabadhi siku hiyohiyo. Kitu kisicho na namba wala maelezo kimepotea hata kikiwa rafuni. Kata ya ukoo wetu inaweza kuwa imo ndani ya jumba lile hadi leo, na bado haipo.

Kosa la familia ni kwamba mmoja alitoa cha wengi. Shangazi hakuiba. Alifanya kile ambacho watu wema wamefanya mara nyingi, na madhara yake huonekana miaka mingi baadaye. Mfano wa jirani zetu unatosha. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmasai kutoka kaskazini mwa Tanzania, alitembelea makumbusho ya Pitt Rivers kule Oxford, Uingereza, akakuta humo vitu ambavyo kwa Wamasai havigawiwi kabisa, ikiwemo bangili iitwayo orkatar, ambayo baba humwachia mwanawe. Maelezo ya jumba hayakutosha kuonyesha jinsi vilivyotoka mikononi mwa wenyewe. Yakaanza mazungumzo ya miaka, wazee wakasafiri hadi Oxford, na mwaka 2023 jumba hilo lilikuja kufanya upatanisho na familia zilizohusika Kenya na Tanzania, kila familia ikapewa ng'ombe 49. Vitu hivyo vilikuwa vimekaa Uingereza kwa takriban karne nzima kabla ya mtu kuuliza kwa sauti: huyu aliyetoa, alitoa kwa idhini ya nani?

Kisa chetu ni kidogo kulinganisha na hicho, na hakuna mkoloni ndani yake. Lakini swali ni lilelile.

Sanduku la chini ya kitanda

Baada ya kata kukosekana ilikuwa rahisi ukoo kusema makumbusho basi. Baba mkubwa alilisema. Lililotuzuia ni sanduku la chuma la babu, lililokaa chini ya kitanda chake tangu nikiwa na akili. Baba mdogo alilifungua mbele yetu: daftari moja kubwa la hesabu, bahasha ya picha, ngozi ya mbega iliyokunjwa ndani ya shuka. Kando ya sanduku kulikuwa na kigoda cha babu, na kule nje kibandani mashine ya mkono ya kumenyea kahawa.

Ubishi ulianza hapohapo. Kwa mila yetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba, kwa hiyo baba mdogo alijihesabu kuwa mwenye kila kilichomo. Baba mkubwa, kama mtoto wa kwanza, alijiona ndiye msemaji. Nilipendekeza tusibishane juu ya sanduku zima. Tukitoe kitu kimoja kimoja, na kila kimoja tukiulize ni cha nani. Jioni ile iligeuka kuwa ndefu, na ndiyo jioni iliyonifundisha zaidi katika jambo hili lote.

Daftari kwanza. Babu alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, chini ya KNCU, chama kikuu kilichoanzishwa 1933 kikirithi kazi ya KNPA, chama cha wakulima wenyeji kilichokuwapo tangu 1925. Ni daftari la misimu ya miaka ya 1960. Jina la mwanachama, ratili za kahawa, malipo ya kwanza, malipo ya pili, kwa shilingi na senti. Waliojua kuandika wameweka sahihi, wengine wameweka dole gumba kwa wino wa zambarau, na baadhi ya madole yale yako wazi hadi mistari ya ngozi inahesabika. Pembeni kuna maelezo mafupi kwa mwandiko wa babu. Kwenye kurasa kadhaa, palipo na jina la mwanamume, ameandika kwa penseli: "amepokea mke". Msimu unaofuata: "amepokea mke". Msimu wa tatu, hivyohivyo. Mzee mmoja kikaoni alitufafanulia kwamba mwanamume wa jina lile alikuwa ameshafariki. Shamba lilikuwa likilimwa na mjane, na jina lililobaki vitabuni ni la marehemu. Kwa hiyo anayetaka kujua nani hasa alilima kahawa ya Kilimanjaro asisome safu ya majina peke yake. Asome penseli ya pembeni.

Sasa, daftari hili lilifikaje chini ya kitanda? Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Ofisi zilifungwa, karatasi zikaanza kufungia maandazi na chumvi. Babu alilichukua daftari akalipeleka nyumbani. Vyama vikuu viliporuhusiwa tena kwa sheria ya 1982 na KNCU kusimama upya mwaka 1984, hakuna aliyekuja kuliulizia, naye hakulirudisha. Baba mdogo alidai babu aliliokoa, kwa hiyo ni lake. Nilimpinga kwa heshima: "Baba, aliyeokoa ng'ombe wa jirani kwenye mafuriko hawi mwenye ng'ombe." Daftari ni mali ya chama cha msingi, na chama bado kipo.

Tukaenda na baba mkubwa kwenye chama. Bodi ilikaa, ikalisoma, na mjumbe mmoja akakuta deni la baba yake. Hilo sikulitarajia. Ndani ya daftari kuna aibu za watu ambao wajukuu wao wanasalimiana nasi kanisani kila Jumapili. Bodi iliandika barua ya kukubali daftari likabidhiwe makumbusho kwa jina la chama, kwa sharti mbili: chama kibaki na nakala ya picha ya kila ukurasa, na kurasa za madeni zisionyeshwe hadharani wala kupewa mtafiti bila kibali cha bodi. Masharti ya namna hiyo, yenye sababu na yaliyoandikwa, makumbusho huyapokea bila shida.

Ngozi ya mbega ilinitisha. Baba mdogo alitaka kuitia kwenye begi nije nayo Arusha kwa basi, kilomita themanini, na njiani kuna vizuizi vya polisi. Zamani mangi, yaani machifu wa Kichagga, na wapiganaji walivaa ngozi hizo, na kwa familia yetu ilikuwa nguo ya heshima. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, ni nyara ya Serikali, na kukutwa nayo bila hati ni kosa la jinai, hata kama aliyeiacha alifariki miaka arobaini iliyopita. Ndivyo ilivyo pia kwa bangili ya pembe ya ndovu, kucha za simba, ngozi ya chui. Nawasihi wanaofungua masanduku ya wazee wao: msikisafirishe kitu cha aina hiyo kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanyamapori. Sisi tuliandika barua kwa afisa wanyamapori wa wilaya, tukaeleza ilivyopatikana, nayo ikabaki palepale mpaka walipokuja wenyewe kuiandikisha. Kama itafika makumbusho siku moja, itafika kupitia mikono yao.

Mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa ya babu bila ubishi, na ilikataliwa. Jumba la Arusha tulilolifuata lilikuwa nazo tayari na halikuwa na nafasi. Baba mkubwa alikasirika akidhani babu amedharauliwa. Mimi nililiheshimu jumba lile zaidi kwa jibu hilo, kwa sababu mwenye kupokea kila kitu ndiye anayeishia kuweka kata zisizo na namba rafuni. Mashine sasa iko Materuni, kwa vijana wanaowaonyesha wageni kahawa kutoka shambani hadi kikombeni. Inazungushwa kila wiki.

Siku ya makabidhiano

Kabla ya kuchagua jumba tuliuliza kila moja linakusanya nini. Arusha peke yake ina makumbusho ya viumbe ndani ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, na makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa 1977 ndani ya ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967. Huwezi kupeleka kigoda penye mafuvu ya binadamu wa kale na wadudu ukategemea kitapata mahali pake. Tulipopata jumba lenye nia na mambo ya ushirika na maisha ya kawaida ya watu wa mlimani, tuliandika barua kwanza, tukaambatanisha picha za simu, na hatukubeba kitu mpaka tulipojibiwa.

Kosa moja tulishalifanya. Baba mdogo, kwa kutaka kigoda kipendeze, alikisugua kwa rangi ya viatu hadi kikang'aa. Mtaalamu wa hifadhi alikigeuza, akatuonyesha chini ya kalio sehemu ambayo rangi haikufika: masizi ya moto wa jikoni, yaliyoingia kwenye mbao miaka na miaka. "Haya ndiyo yanayosema kilikaa wapi," alisema. Upande wa juu hayakuonekana tena. Asitokee mtu wa kuosha, kupaka vanishi wala kupulizia dawa kitu anachotaka kukitoa. Akilete na vumbi lake.

Kigoda kile kile kilikuwa na bungua. Walikiweka juu ya gazeti usiku mmoja, asubuhi kukawa na unga mwembamba chini ya mguu wa pili. Dawa yake si sumu. Walikifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, wakakigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri wiki mbili, mdudu na mayai yake wakafa, mbao zikabaki salama.

Picha tulikaa nazo saa tatu. Ofisa alitupa penseli laini, akakataza kalamu ya wino kukaribia meza. Katika picha ya wanaume waliosimama mbele ya mizani ya kahawa wako kumi na wanne. Bibi mmoja jirani, aliyezidi miaka tisini, tuliyempigia simu ya video, alitutajia kumi na mmoja. Asingekuwapo, wangebaki kuwa "wakulima". Nalisema hili kwa uchungu: tungechelewa kidogo tu, jumba lingepokea karatasi yenye nyuso, na nyuso hizo zisingekuwa za mtu yeyote.

Baba mkubwa alitaka hati iseme kigoda kitaonyeshwa siku zote na jina la babu liwe kubwa. Walimweleza kwa upole kwamba hakuna jumba linaloweza kuahidi hivyo. Sehemu kubwa ya mali ya makumbusho hukaa stoo na kutoka kwa zamu, na mwanga wenyewe huharibu karatasi na picha. Jina la babu litakaa kwenye kumbukumbu daima, maonyesho ni jambo la kupangwa. Walimweleza pia tofauti ya zawadi na azima. Zawadi ikishasainiwa, mali imehama, na mtoto wa mtoto wake hatairudisha kwa kujuta. Kinachohitajika kwenye tambiko kisitolewe zawadi. Kiazimwe kwa muda ulioandikwa, au kibaki nyumbani.

Alinyamaza kidogo, akamwangalia shangazi. Kisha akasaini hati ya zawadi ya kigoda na picha, baba mdogo akasaini chini yake, na wazee wawili wa ukoo wakashuhudia. Daftari lilikuwa na hati yake, yenye mhuri wa chama. Kila upande ulibaki na nakala. Namba iliandikwa chini ya kigoda mbele yetu: mwaka, fungu, kitu, kwa wino mweusi juu ya tabaka jembamba la gundi angavu, ili siku ikihitajika iondolewe bila kuumiza mbao.

Kabla hatujaondoka shangazi alimuuliza ofisa yule kama kuna namna ya kuandikisha kitu kilichopotea ndani ya jumba jingine. Ofisa alitoa karatasi, akamwelekeza: eleza umbo, vipimo, rangi, alama, chora kama unaweza. Shangazi aliichora kata kwa penseli ile ile laini, taratibu, ulimi ukiwa kati ya meno kama mtoto wa shule. Barua hiyo tuliipeleka wenyewe kule ilikopotelea, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala iko kwenye faili langu. Kwenye mstari wa alama za kipekee ameandika: ufa upande wa kushoto, mishono saba ya katani, wa nne umepinda kwa sababu mama aliushona usiku.